Boriti Ndiyo Iliyonichagulia Lenzi

Mlangoni pa kupamba huwa pana kikapu. Unavua viatu, unavua buibui, kisha simu yako inatiwa kikapuni pamoja na za wenzako, na msichana aliyepewa kazi hiyo anakaa hapo kuzilinda. Hapendelewi mtu. Nimewaona wake wa waheshimiwa wakikabidhi simu mbili mbili bila kunung'unika. Ninayepita na lenzi shingoni ni mimi peke yangu.

Kwa msio wa pwani: kupamba ni usiku wa wanawake katika harusi zetu za Mombasa. Bibi harusi anapambwa, anaketishwa jukwaani, watu wanamtazama, wanaimba, wanacheza chakacha, wanamtuza. Mwanamume haingii. Nywele ziko wazi, mikono iko wazi, dhahabu ya urithi na ya kuazima imetoka sandukuni. Picha zinazopigwa humo ni za wanawake wa ukoo, na mume akionyeshwa, basi imetosha. Nimekuwa nikizipiga tangu 2013. Kila kifaa nilicho nacho leo kimetahiniwa na vyumba hivyo. Vingi vilianguka mtihani, na vingine niliviangusha mimi mwenyewe.

Mwaka 2018, wiki moja baada ya kununua kamera niliyoitamani miaka mitano, nilikuwa nimesimama mlangoni pa nyumba moja Kibokoni. Nyanyake bibi harusi, mwanamke mfupi wa leso mbili, akaniita kando. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, huku akiigusa kamera kwa ncha ya kidole kama mtu anayepima kama chungu kimepoa.

"Mwanangu, hii nayo ina mtandao?"

Nikacheka. "Hapana nyanya, hii ni kamera tu."

Maneno hayajamaliza kutoka nikakumbuka yaliyoandikwa kwenye sanduku lake. Ilikuwa Canon 6D, ya mkono wa pili lakini safi, na nilikuwa nimemringia dadangu juma zima kwamba ina Wi-Fi ndani kwa ndani, kwamba naweza kurusha picha hadi kwenye simu bila waya, tena ina GPS ya kuandika mahali picha ilipopigiwa. Sifa zote mbili nilizozilipia. Nikabaki nimeishika kamera na uongo wangu mdomoni. Nikamwambia, "Nyanya, nisamehe. Inao. Ngoja niuzime mbele yako." Nikafungua menyu, nikamwonyesha neno moja moja, ingawa Kiingereza hakukisoma. Akamwita mjukuu wa darasa la saba aje asome. Mjukuu akasoma, akathibitisha. Ndipo nikapita.

Tangu usiku ule nimeacha kusoma sifa za kamera kama zilivyoandikwa dukani. Lakini nimeruka mbele. Acha nirudi nyuma.

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Canon 1100D na ile lenzi ya 18-55 inayouzwa nayo. Namba hizo ni milimita: ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu. Shilingi 32,000, nusu yake nimekopa kwenye chama cha mamangu. Watu huniuliza niliichaguaje. Sikuichagua. Muuzaji alikuwa anahama, mimi nilikuwa na nusu ya pesa, na mamangu alikuwa na zamu yake ya chama mwezi ule.

Usiku wa kwanza wa kulipwa ulikuwa kwa binti wa jirani, Majengo. Chumba kilikuwa na taa moja ya manjano darini na nyingine ya buluu juu ya jukwaa. Lenzi ile ukiivuta mpaka 55 tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba hiyo ikikua, tundu linakuwa dogo), na hapo mwanga ni wa kuombea. Nilipopunguza kasi ya shata, kile kipazia kinachoruhusu mwanga uingie, kila anayecheza akawa moshi. Nilipopandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nyuso zikajaa chenga kama mchele usiopepetwa. Nikainua flashi ile ndogo inayochomoza juu ya kamera yenyewe, mapaji ya uso yakang'aa kama sahani za bati na vivuli vyeusi vikajibandika ukutani nyuma ya kila mtu. Mwenye harusi alizipitia picha zote, akasema, "Ahsante mwanangu," kwa ile sauti ambayo mtu wa pwani hahitaji mkalimani.

Wapiga picha wa kiume, wale wa harusi za mchana na za mahotelini, wakaniambia kwa kauli moja: nunua lenzi ya 50mm f/1.8. Ushauri huo anapewa kila anayeanza kazi hii popote alipo, na si ushauri mbaya. Ni lenzi ya plastiki, gramu 130 tu, bei yake ya kuvumilika, na inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile niliyokuwa nayo. Nilibana matumizi miezi mitatu nikaipata. Kazi iliyofuata ilikuwa Mji wa Kale, na nilikwenda nikijiona nimeshika fimbo ya mfalme.

Nikakutana na boriti.

Nyumba za zamani za Mji wa Kale dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Mti wa mkoko una kimo chake. Ukitaka boriti ibebe mawe na chokaa bila kupinda, haivuki zaidi ya mita tatu hivi, na mara nyingi haifiki hizo. Kwa hivyo chumba kinaweza kuwa kirefu kama mwenyewe apendavyo, lakini kitakuwa chembamba, chembamba kama dau. Jukwaa la bibi harusi huegemezwa ukuta huu, na mpiga picha huegemea ukuta ule. Hapo katikati una mita mbili na nusu, na ndani yake kuna watoto, sinia la halua, na shangazi mmoja ambaye lazima apite wakati unapobofya.

Na 50mm katika kamera kama 1100D si 50mm. Kihisio chake, kile kinachopokea picha ndani, ni kidogo kuliko kipande cha filamu ya zamani, kwa hivyo lenzi hiyo inaona kama ya 80mm. Nilibandika mgongo ukutani mpaka nikahisi ubaridi wa chokaa, na bado picha nzima ilimeza upana wa mita moja na kidogo tu. Uso umo, mkufu umo. Hina ya miguuni haimo. Somo yake aliyeketi ubavuni, aliyemlea na kumfunda wiki nzima, amekatwa bega. Nilikwenda hivyo mwaka mzima, nikipiga nyuso nzuri za harusi zisizo na watu.

Siku moja nilichukua futi ya kushonea ya mamangu, nikaenda nayo kwenye nyumba ya mteja siku mbili kabla. Nilipima kutoka ukuta hadi ukuta, nikapima kimo cha jukwaa, nikaandika kwenye daftari. Mwenye nyumba akadhani nimekuja kushona mapazia. Nilipofika kwangu nikafanya hesabu ya shule ya msingi, nikaona ninachohitaji ni kitu cha 24mm hivi. Mwaka 2015 nikapata Canon 24mm f/2.8, ile bapa kama biskuti. Haiingizi mwanga mwingi kama ya 50, lakini kutoka ukutani inaona mita mbili na zaidi: bibi harusi, somo yake, mikono iliyopakwa hina juu ya mto, na mguu wa mtoto aliyelala chini ya jukwaa. Picha niliyopiga usiku wa kwanza wa lenzi ile ipo ukutani kwa watu mpaka leo, ukuta wa chumba cha ndani bila shaka.

Mtu akiniandikia siku hizi, "Dada, ninunue lenzi gani?", huwa namuuliza chumba chake kina mita ngapi. Wengi hawanirudii.

Kuta zina neno jingine. Baada ya kuchoka na nyuso za sahani nilinunua flashi ya kupachika juu ya kamera, ile unayoweza kuigeuza kichwa ikatazama dari au ukuta ili mwanga urudi kwa upole. Ni jambo la kupendeza sana katika vitabu vya watu wenye dari nyeupe. Kwetu dari ni boriti nyeusi au nyekundu, zinazokunywa mwanga wala zisirudishe, na kuta tunapaka kijani cha embe bichi. Nilielekeza flashi ukutani, bibi harusi akatoka na shavu la kijani. Unaweza kulisahihisha kwenye kompyuta, lakini shavu la pili limepigwa na taa ya buluu ya jukwaani, na ukivuta huku, kule kunaharibika. Dawa niliyoipata haikunigharimu kitu. Ni shuka jeupe la kitanda. Namwomba msichana mmoja mrefu asimame alinyooshe kama mtu anayeanika nguo, naielekeza flashi huko. Nimewahi kununua mwavuli wa flashi na stendi yake, vitu vya kazi kweli, lakini stendi ina miguu mitatu, na katika chumba cha dau kila mguu ni wa mtu kujikwaa. Mara ya pili ilipoanguka juu ya sinia la vikuba vya asumini niliiacha nyumbani. Shuka likianguka, linaokotwa.

Betri za flashi nazo ni somo fupi. Nunua za kuchaji, seti mbili za nne nne, tena kwa mtu utakayemkuta kesho mahali alipo leo. Niliwahi kununua za bei ya kutupa zenye maandishi makubwa ya kujisifu. Zilikufa kabla bibi harusi hajatoka chumbani.

Na kuhusu weupe: kamera ikikutana na chumba kilichojaa shela nyeupe inadhani mwanga umezidi, basi inapunguza, na anayeumia ni mwenye uso mweusi ndani ya shela hiyo. Usiifuate. Ongeza mwanga mpaka shavu lionekane ni shavu, shela itajitafutia.

Uzito ni jambo ambalo wanaume hawaniamini nikilisema. Kupamba kunaanza baada ya isha na kunaweza kwisha saa tisa za usiku, na mpiga picha hana kiti. Nilipopata 6D na lenzi ya 35mm na flashi juu yake, mkono wangu wa kulia ulikuwa ukitetemeka asubuhi nikishika kikombe cha chai. Nilipomlalamikia babangu, alinikumbusha habari za Mohamed Amin, yule mpiga picha Mkenya aliyepoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991, akawekewa wa bandia na kurudi kazini na kamera yake. Babangu hana huruma katika mambo ya mifano. Nilibadilisha ukanda wa shingoni nikavaa wa kupita begani hadi kiunoni, uzito ukahama, nikawa nimepona bila kuwa shujaa.

Sasa niseme ya udi na marashi, maana haya hutayakuta kwenye mafunzo ya mtu yeyote.

Chetezo huzungushwa chumbani muda wote wa sherehe. Moshi wa udi ukipigwa na flashi moja kwa moja unakuwa ukungu mweupe mbele ya picha, kwa hivyo ukiona chetezo kinakuja, zima flashi usubiri, au jisogeze mwanga utoke ubavuni, hapo moshi unakuwa pambo. Lakini moshi huo huo unaacha utando wa mafuta kwenye kioo cha lenzi. Mwanzo nilikuwa nikifuta kwa pindo la dera, nikamaliza usiku na picha laini laini nisijue kwa nini. Siku hizi nafunga kioo cha kinga mbele ya lenzi, cha bei ndogo, nacho ndicho kinachokula udi. Nikirudi nyumbani naking'oa nakiosha. Wapo wanaosema vioo hivyo vinapunguza ubora wa picha. Hao hawajafukizwa.

Kutoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje penye joto la Mombasa, lenzi inatoka jasho papo hapo. Itie ndani ya mfuko usiopitisha hewa kabla hujatoka, iache izoee. Na usihifadhi kamera kabatini ndani ya mkoba wa ngozi kama alivyofanya babangu na Zenit yake. Nilipoifungua, kuvu ilikuwa imeota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, mweupe, mzuri hata, na fundi akasema hapasafishiki pale. Mimi natumia ndoo ya plastiki ya kuhifadhia unga, yenye mfuniko unaokaza, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu ambavyo watu hutupa wakinunua viatu. Majirani wananiletea. Mchele usitie. Unatoa vumbi, na mamangu atautafuta.

Mrashi ndio ulionipeleka kwa fundi. Mwaka 2019, shangazi mmoja ambaye furaha ilikuwa imempanda kichwani alikuwa akipita akinyunyizia wageni marashi. Alinipata nimechuchumaa nikipiga viatu vya bibi harusi. Akanibariki mimi, akaibariki na kamera, mara tatu. Niliifuta haraka, nikadhani imekwisha. Baada ya siku mbili kitufe cha kupigia kikaanza kunata. Unabofya mara moja, kinapiga picha saba. Nikaipeleka kwa fundi mjini, kijana mwenye mkono mzuri, nikamwachia asubuhi, nikapanda tuktuk.

Nilikuwa karibu kufika nyumbani nilipokumbuka kwamba sikutoa kadi.

Ndani yake mlikuwa na usiku mzima wa siku tatu zilizopita. Wanawake zaidi ya themanini, bila mitandio. Nilikwisha kuzihamisha picha na kuifomati kadi ndani ya kamera, lakini fomati ya kawaida haifuti picha. Inafuta orodha tu, kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo huku kitabu chenyewe kikiwa kizima. Picha zinabaki mpaka nyingine zije zikae juu yake, na programu za kuzifufua zinapatikana bure, mtu yeyote aliyewahi kupoteza picha anazijua. Nikamwambia dereva ageuze. Nikamkuta fundi ameifungua kamera, sehemu zimepangwa juu ya kitambaa, na kadi ameitoa ameiweka kando ndani ya kifuniko cha chupa, peke yake, kwa adabu. Akaniambia hakuigusa zaidi ya hapo. Mimi nilimwamini, na namwamini mpaka leo. Lakini picha hazikuwa zangu, kwa hivyo imani yangu haikuwa na thamani yoyote.

Nilikesha. Asubuhi nikaenda kwa mamake bibi harusi, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchicha. Akauliza, "Umekuja mwenyewe kuniambia?" Nikasema naam. Akasema, "Haya." Akanitilia chai. Binti yake wa pili alipoolewa, hawakuniita, na nyumba mbili nyingine zilizokuwa zimekwisha kunipa rubuni, yaani malipo ya kutanguliza, ziliomba rubuni zao. Nilizirudisha siku hiyo hiyo kwa M-Pesa.

Niliyobadilisha baada ya hapo hayakuwa makubwa. Menyu ya fomati katika kamera hizi ina kisanduku cha kutia alama, kinachofuta kadi nzima mpaka chini kabisa na si orodha peke yake. Kinachukua muda zaidi, ndiyo maana watu hawakigusi. Mimi siku hizi sina fomati nyingine. Na kamera haitoki nyumbani kwenda kwa fundi mpaka dadangu ameitazama mlango wa kadi uko wazi na hamna kitu. Simwamini mtu mmoja katika jambo hilo, hata nikiwa ni mimi.

Kamera zenye matundu mawili ya kadi ni jambo ambalo wapiga picha wa harusi hulizungumza kama nguzo ya dini. 6D ina tundu moja, nikachekwa sana. Hoja yao ni ya kweli. Kadi hufa, harusi hairudiwi, na picha isiyo na nakala ni picha iliyokwisha kupotea ila hujaambiwa. Lakini katika kazi yangu kila nakala ni mlango wa pili wa nyumba. Nilipohamia kamera ya aina mpya isiyo na kioo cha kuakisi ndani, Canon R6, mwaka 2022, nikapata matundu mawili na ikanibidi niamue. Sasa kadi mbili zinaandika pamoja. Moja naitoa usiku ule ule nakabidhi mama mwenye harusi mkononi, yeye anaifunga anapojua. Nyingine nabaki nayo mpaka picha zimekamilika, kisha naifuta mbele yake. Kompyuta ninayohariria haijaunganishwa na intaneti. Ni nzee, ni nzito, dadangu anaiita jeneza. Bei ya kadi mbili iko ndani ya bei yangu na silalamikiwi.

R6 yenyewe ilinitia aibu usiku wa kwanza. Nilivutiwa na shata yake ya kimya. Nyanya wa watu wakiomba dua sipendi kupiga kelele za tak tak juu ya maneno yao. Nikaiweka kwenye kimya, nikapiga saa nzima ukumbini chini ya taa za LED, nikijiona malaika. Nilipotazama kwenye skrini, picha zina michirizi myeusi, mlalo, kama kivuli cha mkeka. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu humemeteka mara 100 kila sekunde bila jicho kuona. Shata ya kimya inasoma picha mstari kwa mstari, mstari mmoja unakuta taa imewaka, wa pili unakuta imefifia. Nilirudi kwenye shata ya kawaida, kasi ya 1/100 ya sekunde, michirizi ikaondoka. Kwa dua nauliza kwanza kama naweza kupiga. Wengi husema piga mbili tu. Mbili zinatosha.

Nimebakisha kifaa ambacho kama nyumba ingeungua ningekiokoa kabla ya kamera.

Mwezi wa tano 2020 Mji wa Kale ulifungwa kwa sababu ya korona, hakuna kutoka wala kuingia, juu ya kafyu iliyokuwa imewekwa nchi nzima tangu Machi. Kazi zikafa zote. Kwa pesa kidogo niliyokuwa nimebakiza nikanunua printa ndogo ya Canon Selphy, ile ya picha za kadi posta. Nilidhani nitauza picha za pasipoti mtaani. Nyumba zilipoanza kuoa tena, kimyakimya, watu ishirini sebuleni, ndipo nilipogundua nilichonunua. Kabla ya hapo albamu zote za kupamba zilikuwa na jeraha moja: lazima zipitie duka la kusafishia picha, na wafanyakazi wa maduka hayo ni vijana wa kiume. Familia nyingi kwa sababu hiyo hazikuwa na picha za karatasi kabisa. Zilikuwa na kadi ndani ya droo, ambayo haijatazamwa tangu harusi. Sasa nakwenda na printa nyumbani kwao, naiweka juu ya meza ya chakula, picha inatoka kwa dakika moja hivi mbele ya macho yao. Inapita mara nne: kwanza ya manjano, halafu inaingia nyekundu ya zambarau, halafu samawati, na mwisho inapakwa ngozi nyembamba ya kuilinda. Watoto hukaa wakitazama uso wa mama yao ukija kwa zamu. Wakubwa hujifanya hawatazami.

Rangi hizo zinakaa kwenye utepe ndani ya kaseti, picha 36 kwa kaseti moja. Zikiisha unaitupa. Nilikuwa nikizitupa.

Alasiri moja nikamkuta mtoto wa dadangu, miaka sita, uani, ameivunja kaseti kuukuu na kuufungua utepe wote. Ameufunga kwenye mchungwa, anakimbia nao kama mkia wa tiara. Jua likipita ndani yake. Nikakaribia nimwambie aache, nikaona nyuso. Utepe ule rangi inapoondoka kwenda kwenye karatasi inaacha alama yake, uso umegeuzwa, penye mwanga pana giza, lakini ni uso. Kila mwanamke mara tatu, mara ya manjano, mara ya zambarau, mara ya samawati, mita baada ya mita, wakipepea uani juu ya ukuta mfupi, na upande wa pili vijana wanacheza mpira. Niliukunja mikono ikitetemeka. Mtoto akalia.

Sikwenda kuomba radhi safari hii, kwa sababu hakuna aliyeona. Hilo nalo silitangazi kama jambo la kujivunia. Lakini kuanzia hapo kaseti zilizotumika zinabaki katika nyumba zilikotumiwa. Nazifungua mbele yao, nawaonyesha, nawapa mkasi.

Mwaka jana nilirudi Kibokoni, nyumba ile ile ya swali la mtandao. Alikuwa anaolewa mdogo mtu. Nyanya alikuwa amezidi kuwa mfupi, lakini leso ni mbili. Mlangoni hakuniuliza kitu, aliitazama tu kamera mpya, akamtazama mjukuu, ambaye sasa ni msichana wa chuo. Mjukuu akasoma menyu. Siku ya tatu nikaja na printa, nikamaliza, nikamfungulia utepe.

Akautwaa, akausogeza dirishani. Akaupitisha polepole kati ya vidole vyake kama anayekagua kitambaa dukani, mpaka akafika mahali akasimama.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe nyanya. Umegeuka tu."

Akajitazama kwa muda. Nywele zake za mvi zilikuwa nyeusi ti katika ile rangi ya samawati. Akaomba mkasi. Akakata kile kipande chake peke yake, akakifunga kwenye pindo la leso pale anapoweka pesa za kahawa, kisha akakaa chini na kuanza kukatakata waliobaki, kipande kwa kipande, ndani ya bakuli.